Bima ya gari Dodoma: pa kubana gharama na pasipobanika

Anayetafuta bima ya lazima ya bei nafuu kwa kawaida anaanza kuitafuta mahali isipokuwepo, yaani kwenye bei yenyewe. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, kwa gari dogo la matumizi binafsi ina ada ya shilingi 100,000. Weka VAT ya asilimia 18 juu yake, unapata 118,000. Hicho ni kiwango cha chini kilichowekwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na hakuna kampuni inayoruhusiwa kuuza chini yake. Zunguka kuanzia Nyerere Square hadi Majengo, ingia benki, mpigie wakala wa kule Area C, wote watakutajia namba hiyohiyo. Anayekutajia 70,000 hajakupunguzia chochote. Amekuuzia kitu kingine, na tutafika huko.

Pesa inavujia kwingine: kundi la matumizi lililoandikwa kimakosa, bima kubwa (ile inayolipa na gari lako mwenyewe) kwa gari lisilostahili, thamani iliyokuzwa, tarehe zilizopishana, na dai lililokataliwa kwa sababu ndogo ambayo ingeepukika. Hayo ndiyo unayoweza kuyarekebisha mwenyewe, mengine kwa simu moja tu.

1. Anza na kile ambacho sheria inakudai

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka kila chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Katika mkataba wa bima, mtu wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule uliyemgonga. Kinacholazimishwa ni dhima yako kwa vifo na majeraha. Mikataba mingi inaongeza uharibifu wa mali ya mtu wa tatu, lakini hadi kikomo kilichoandikwa. Kikomo hicho hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kwa kuwa bei ni ileile, hapa ndipo pa kulinganisha. Uliza swali moja tu: "Mali ya mtu wa tatu mnalipa hadi shilingi ngapi?" Kampuni yenye kikomo kikubwa kwa 118,000 ileile imekuuzia bima nafuu zaidi, ingawa risiti zinafanana.

Bima ndogo hailipi gari lako. Ukipinduka mwenyewe kwenye kona za Mtera, ukaingia kwenye korongo wakati wa masika, au ukaibiwa gari nje ya nyumba ya kulala wageni Kibaigwa, hupati kitu. Abiria wa gari binafsi nao usiwachukulie kirahisi: sheria inalazimisha wakatiwe bima pale wanaposafirishwa kwa malipo. Kwa ndugu na marafiki uliowapa lifti, soma mkataba uone kama wametajwa.

Kwa sisi wa kanda ya kati kuna suala la mifugo. Ukigonga ng'ombe au mbuzi barabara ya Bahi au ya Kondoa, kuna madai mawili tofauti. Mwenye mfugo ni mtu wa tatu, na mfugo wake ni mali. Ikithibitika kosa ni lako, bima ndogo inahusika hadi kile kikomo. Bampa, rejeta na taa zako ni juu yako, isipokuwa una bima kubwa. Ng'ombe mmoja akiingia chini ya gari dogo anaweza kuacha gharama inayozidi ada ya miaka kadhaa, na ndiyo maana anayesafiri sana usiku kati ya Dodoma na Manyoni hawezi kupiga hesabu sawa na anayetoka Kikuyu kwenda kazini Mtumba na kurudi.

Jambo la mwisho hapa, kwa sababu linapoteza pesa kimyakimya: bima kubwa ina bima ya mtu wa tatu ndani yake. Ukiwa na bima kubwa iliyo hai, huhitaji kununua ndogo "kwa ajili ya trafiki". Wenye magari ya mkopo huangukia hapa mara nyingi. Benki imewakatia bima kubwa, hawakupewa nakala, wanasimamishwa Ihumwa, na kwa woga wananunua nyingine barabarani. Omba nakala benki siku ileile mkopo unapotoka.

2. Andikwa kwenye kundi lako halisi

Ada haipangwi kwa ukubwa wa gari peke yake. Inapangwa kwa kazi yake. Makundi utakayokutana nayo ni gari binafsi, gari la mizigo, gari la abiria, pikipiki na bajaji. La mizigo linagawanyika mara mbili: mizigo yako mwenyewe na mizigo ya watu kwa malipo. Ada ya bima ndogo ya mizigo huenda kwa tani, na ya abiria huenda kwa idadi ya viti, huku gari la mjini na la safari ndefu yakiwa na viwango tofauti. Pikipiki ya kwendea shamba na bodaboda haziandikwi sawa pia.

Kosa la kwanza ni kujishusha. Una Noah unayoibandikia "binafsi" halafu asubuhi inapakia abiria Nanenane. Au kirikuu inayobeba zabibu za watu kutoka Mpunguzi, lakini kwenye bima imeandikwa gari la familia. Utaokoa tofauti ya ada siku ya kununua. Siku ya ajali kampuni itauliza ulikuwa unafanya nini na nani alikuwa ndani, na itawahoji hao abiria pia. Ikibainika matumizi hayakuwa yale yaliyoandikwa, dai la gari lako linaweza kukataliwa, na kile ambacho kampuni italazimika kumlipa mtu wa tatu inaweza kukugeuzia ukilipe wewe. Hilo ni deni linaloweza kuuza nyumba.

Kosa la pili ni kinyume chake, na halisemwi sana: kulipia zaidi ya unachofanya. Pikapu ya mkulima wa Kongwa inayobeba mahindi yake mwenyewe kwenda soko la Kibaigwa haihitaji kuandikwa inabeba mizigo ya kukodi. Hiace iliyostaafu udaladala, ikapunguzwa viti na sasa inatumika na familia, bado inalipiwa viti vyote kwa sababu kadi ya gari haijabadilishwa. Wakala husoma kadi, hahesabu viti. Nenda TRA ubadilishe matumizi na idadi ya viti kwenye kadi kwanza, ndipo ukate bima. Ukienda kinyumenyume utalipa mwaka mzima kwa viti usivyokuwa navyo.

Angalia pia tani. Uzito unaotumika ni ule ulio kwenye usajili, na mara nyingine wakala huandika kwa kukisia akiona gari kwa macho. Mpe kadi, mwoneshe kidole.

3. Ndogo, ya kati au kubwa: piga hesabu kwa kalamu

Kwa gari binafsi kuna ngazi tatu. Ndogo tumeshaiona. Ya kati ni mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, na kiwango chake cha chini ni asilimia 2 ya thamani ya gari. Kubwa ni asilimia 3.5. Zote zinaongezewa VAT, na zote mbili hizi za juu zina kima cha chini cha ada, kwa hiyo gari la thamani ndogo linaweza kulipa zaidi ya asilimia yake.

Chukua gari la milioni 12. Bima kubwa: 420,000, VAT 75,600, jumla 495,600. Ya kati: 240,000, VAT 43,200, jumla 283,200. Ndogo: 118,000. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ni 377,600 kwa mwaka. Miaka mitano ya namna hiyo, kama thamani ingebaki palepale, ni 1,888,000.

Sasa jiulize swali ambalo si la bima hata kidogo: gari hili likiisha kabisa kesho, naweza kununua jingine la aina hiyo bila kukopa na bila kuuza kiwanja? Kama ndiyo, bima ndogo inakutosha na ile 377,600 iweke pembeni kila mwaka, kweli iweke, kwenye akaunti isiyoguswa. Kama hapana, bima kubwa si anasa. Kuibana hapo ni kubana mahali pasipobanika.

Ya kati wengi hawaijui kwa sababu mawakala hawaitaji. Inamfaa mwenye gari linaloibika kirahisi au vipuri vyake vinavyotafutwa, analiegesha nje usiku, lakini anaendesha mjini tu kwa mwendo wa taratibu. Haimfai msafiri, maana haigusi kugongana wala kupinduka.

Mkweche wa miaka ishirini na zaidi, kwa maoni yetu, karibu kila mara ni bima ndogo. Kampuni nyingine hata hazipokei gari la umri huo kwa bima kubwa, na zikipokea hutaka ukaguzi.

Kwenye bima kubwa kuna kitu kinaitwa eksesi: sehemu ya kila dai unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Uliza ni kiasi gani, na uliza kama inaongezeka dereva akiwa kijana au mwenye leseni mpya. Bima mbili za 495,600 si sawa ikiwa moja ina eksesi mara mbili ya nyenzake. Uliza pia punguzo la kutodai kama umemaliza mwaka bila dai, na kama unahama kampuni omba ile ya zamani ikuandikie barua ya kuthibitisha hukudai. Barua haina gharama, lakini ukiiomba baada ya miaka miwili utazungushwa.

4. Thamani: usikuze, usipunguze

Hapa ndipo penye pesa nyingi zaidi kwa mwenye bima kubwa, na ndipo panapoharakishwa kuliko kote. Wakala anauliza "gari shilingi ngapi?" nawe unataja uliyonunulia miaka minne iliyopita.

Gari likiharibika kabisa au kuibiwa, kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ile. Hailipi ile uliyoiandika kama imezidi. Ukiandika milioni 18 kwa gari ambalo sokoni ni milioni 12, unalipia milioni 6 za hewani: 210,000 na VAT yake 37,800, jumla 247,800 kila mwaka, na siku ya dai unalipwa kwa hesabu ya 12.

Ukipunguza ni vibaya zaidi. Gari la milioni 20 ukaliandika milioni 12 ili uokoe 330,400 za ada na VAT. Umegongwa ubavuni, gereji inataka milioni 5. Mkataba wenye kipengele cha wastani unasema umejikatia bima tatu ya tano tu ya gari, kwa hiyo utalipwa tatu ya tano ya hasara: milioni 3, kabla ya kutoa eksesi. Milioni 2 zilizobaki ni zako, na fundi hajui habari za wastani.

Kila mwaka kabla ya kuhuisha, angalia bei za magari ya aina yako, mwaka wako na hali yako kwenye yadi na matangazo ya mauzo. Chukua matatu au manne, acha la bei ya juu kabisa na la chini kabisa, andika wastani wa yaliyobaki. Kama umefunga redio ya gharama, rimu au mtungi wa gesi, vitaje kwa bei yake na viandikwe. Visivyoandikwa huwa havilipwi. Kama gari ni la mkopo, benki inaweza kudai ripoti ya mthamini. Hiyo utaigharamia, basi itumie pia kushusha thamani ya bima kama imeshuka, usikubali namba ya mwaka jana inakiliwe tu.

5. Siku ya kununua

Vitu vya kubeba ni vichache: kadi ya gari, kitambulisho, namba ya TIN, na bima inayoisha. Kwa bima kubwa, gari lenyewe litapigwa picha.

Nunua siku mbili au tatu kabla ya ile ya zamani kuisha, lakini mwambie wakala aandike tarehe ya kuanza kuwa siku inayofuata mwisho wa ya zamani. Mfumo unaruhusu tarehe ya mbele. Wakala mvivu huandika leo. Bima ndogo ya 118,000 ni kama shilingi 323 kwa siku, kwa hiyo siku 20 zilizopishana ni 6,460 hivi umetupa. Kwa bima kubwa ya 495,600 siku hizo 20 ni kama 27,000. Si nyingi, lakini ni zako.

Usisubiri iishe. Hakuna siku za neema. Bima inakufa saa sita usiku ya tarehe iliyoandikwa, na asubuhi yake unaendesha gari lisilo na bima, likiwa na faini yake kwa trafiki na hatari kubwa zaidi ya kugonga mtu siku hiyohiyo.

Muda mfupi, wa miezi mitatu au sita, unavutia kwa sababu unatoa kidogo. Kampuni hutoza muda mfupi zaidi ya mgao wa miezi yake, kwa hiyo robo nne zikiunganishwa zinapita ada ya mwaka mmoja. Muda mfupi una maana pale tu unapojua kabisa kwamba gari litauzwa au litasimama. Kadhalika mkopo wa ada unaotolewa na baadhi ya benki: kampuni inalipwa yote, wewe unalipa benki kidogokidogo na riba. Jumlisha marejesho yote kabla ya kusaini. Bima ya mkopo ya 495,600 ikiishia kuwa 560,000, basi umeikatia bima mifuko ya benki.

Kuhusu wakala, dalali wa bima, benki au ofisi ya kampuni: kwenda moja kwa moja kwenye kampuni hakukupunguzii bima ndogo, maana kamisheni ya wakala inatoka ndani ya ada na kampuni ndiyo inayomlipa. Kwa hiyo chagua wakala atakayekusaidia siku ya dai, wala usikubali kumwongezea "ya stika", "ya mtandao" au "ya soda". Risiti inapaswa kuwa na mistari miwili: ada na VAT. Ukiona wa tatu, uliza ni wa nini. Dai risiti ya EFD. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, usilipe kwenye simu binafsi ya mtu, kwa sababu bima haianzi mpaka ada ifike. Pesa iliyolala kwa wakala usiku mmoja ni usiku mmoja usio na bima.

6. Kagua kabla hujaondoka kwenye kiti

Stika sasa ni ya kielektroniki na kila bima halali inaonekana kwenye TIRAMIS, mfumo wa TIRA unaofikika kupitia tovuti yake. Ingiza namba ya usajili, namba ya stika au namba ya chasisi. Hakuna malipo. Fanya hivyo ukiwa bado umekaa mbele ya wakala, na soma vitu vitano: namba ya gari, namba ya chasisi, jina la kampuni, aina ya bima na kundi la matumizi, tarehe ya kuanza na kuisha.

Sasa turudi kwa yule wa 70,000. Kazi yake inaweza kuwa ya namna tatu. Kwanza, karatasi tupu iliyochapwa stationari, ambayo mfumo hauijui kabisa. Pili, bima ya kweli ya muda mfupi, iliyochapwa tarehe tofauti kwenye karatasi yako: mfumo unaonesha mwezi mmoja, karatasi inaonesha mwaka. Tatu, ndiyo inayowapita wengi, bima ya kweli iliyoingizwa kwenye kundi la bei ndogo, gari lako likiwa limeandikwa kama pikipiki. Ukitafuta kwa namba ya usajili unaona "hai", unafurahi. Usiposoma kundi hutajua hadi siku ya dai.

Herufi moja ya chasisi ikikosewa irekebishwe hapohapo, ni marekebisho ya dakika chache. Baada ya ajali marekebisho yaleyale yanaonekana kama ujanja.

7. Katikati ya mwaka

Mambo manne yanahitaji simu kwa kampuni, na kila moja likiachwa linaweza kugharimu dai zima. Umebadili matumizi, kwa mfano umeanza kubeba abiria wa mtandaoni jioni. Umebadili mfumo wa mafuta au injini. Umempa gari dereva mwingine wa kudumu. Umehamia sehemu gari linakolala nje. Pata jibu kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, na uutunze.

Leseni ya dereva iwe hai na ya daraja linalolingana na chombo. Gari dogo binafsi ni D. Dereva mwenye leseni iliyoisha wiki iliyopita ni sababu rahisi kuliko zote ya kukataliwa dai la gari lako. Ukimpa mdogo wako gari aende Chamwino mara moja, iangalie leseni yake kabla hujamkabidhi ufunguo.

Wenye malori ya Singida, Kahama na kuvuka kwenda Rwanda au Burundi: kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ndiyo inayokulinda dhidi ya mtu wa tatu nje ya mpaka, na Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Inanunuliwa kwa muda, juu ya bima yako ya nyumbani. Nunua kwa siku za safari, siyo mwaka mzima, kama gari linavuka mara mbili tu kwa mwaka.

8. Siku ya ajali, pesa hupotea haraka

Kuna mtu ameumia? Usimalizane barabarani. Mwite polisi, majeruhi apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe, wewe usisaini karatasi ya kukiri kosa wala kuahidi kiasi. Makubaliano ya papo kwa papo yanaweza kukunyima haki ya kuilipisha kampuni, na mtu uliyempa 300,000 ya dawa leo anaweza kurudi na wakili mwezi ujao akiwa na haki zake zote.

Piga picha kabla magari hayajasogezwa: namba zote, alama za matairi, barabara pande zote mbili, na mfugo kama ndiye aliyegongwa, pamoja na alama yake ya sikio au chapa. Ijulishe kampuni siku hiyohiyo, muda wa kutoa taarifa umeandikwa kwenye mkataba na ni mfupi. Baadaye utatakiwa ripoti ya polisi PF90, ripoti ya ukaguzi wa gari PF115, ramani ya ajali, nakala ya leseni na kadi. Usianze matengenezo kabla mkaguzi wa kampuni hajaliona gari. Fundi aliyekunjua bodi mapema amekufutia ushahidi.

Mkwaruzo mdogo ni habari nyingine. Kama una bima kubwa na matengenezo ni 180,000 huku eksesi ni 150,000, ukidai utapata 30,000 na utapoteza rekodi yako ya kutodai. Lipa mwenyewe.

Dai likikwama, andika barua kwa kampuni ukitaja namba ya bima na tarehe ya taarifa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Sisi wa Dodoma tuna urahisi mmoja: makao makuu ya TIRA yapo hapahapa mjini, kwa hiyo malalamiko unaweza kuyapeleka kwa mguu. Kuna pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayepokea malalamiko ya wateja dhidi ya kampuni bila kutoza ada. Peleka barua uliyoandika na jibu ulilopewa, kwa sababu swali la kwanza litakuwa kama ulianza na kampuni yenyewe.

9. Gari likisimama au likiuzwa

Sheria inadai bima kwa gari linalotumika barabarani. Gari lililo juu ya mawe uani kwa miezi mitano likisubiri injini halihitaji bima ndogo kwa miezi hiyo. Subiri likamilike, kata siku linapotoka. Ila kumbuka: fundi akilijaribu hadi Chang'ombe na kurudi, lipo barabarani. Likivutwa kwa kamba kutoka Mpwapwa, lipo barabarani. Na usikubali wakala "aunganishe" bima mpya na ile iliyoisha miezi mitano nyuma ili ionekane haikukatika. Unalipia siku zilizokwisha kupita, na ajali iliyotokea wakati ule hailipwi kwa bima ya leo. Kwa bima kubwa fikiri mara mbili kabla ya kuiacha, maana moto na wizi havisubiri gari litembee.

Ukiuza, bima haihami na ufunguo. Ni mkataba wako na kampuni, na mnunuzi si sehemu yake mpaka kampuni ikubali kwa maandishi. Siku ya mauziano fanya mambo matatu: saini mkataba wenye tarehe na saa, anzeni uhamisho wa kadi TRA, na iandikie kampuni kwamba umeuza. Kama bado kuna miezi mingi, soma kipengele cha kusitisha na uulize unarudishiwa kiasi gani. Kwa bima ndogo kinachobaki huwa kidogo, kwa kubwa kinaweza kuwa laki kadhaa ambazo wauzaji wengi humwachia mnunuzi bila kujua. Mnunuzi naye, hata akioneshwa stika yenye miezi tisa mbele, akate ya jina lake kabla hajalitoa gari yadi, na bei ya gari aijadili kama vile stika hiyo haipo.